Rojo si Mtindi: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Mapishi

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mezani petu ili tuyatazame kabla ya kupigwa chapa, ya mapishi huja kwa nadra, nayo yakija huhesabiwa kuwa jambo dogo. Mfasiri wa sheria akikosea neno, watu hushtuka. Mfasiri wa mapishi akikosea, watu hucheka. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kicheko hicho si cha haki, kwa kuwa jikoni ndiko mahali ambapo istilahi mbaya hugunduliwa siku ile ile, tena kwa hasara.

Maandishi tunayoyahakiki ni karatasi ya kurasa mbili, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa upishi. Hatutamtaja mfasiri wala waliomtuma, maana makosa yake ni yetu sote. Karatasi yafundisha namna ya kutengeneza nyumbani pai ya wazi ya pasheni, tunda ambalo wengine hulijua pia kwa jina la karakara. Chakula chenyewe chaelezeka kwa urahisi. Unga wa ngano huchanganywa na siagi, husukumwa, hutandikwa katika chombo kipana chenye kina kifupi, kisha huokwa mpaka ukauke. Ndani yake humiminwa kitu kizito kilichopikwa kwa maji ya pasheni, sukari, mayai na siagi. Kikipoa hushika, na pai hukatwa vipande.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, limo katika jina la hicho kitu kizito. Waingereza hukiita "curd", na neno hilo kwao lina maana mbili: maziwa yaliyoganda, na mchanganyiko wa mayai na maji ya tunda uliopikwa ukawa mzito. Mfasiri alifungua kamusi, akakuta maana ya kwanza, akaandika "mtindi wa pasheni". Hapana budi tukiri kwamba nasi tulipoisoma karatasi mara ya kwanza hatukuliona kosa. Sarufi ilikuwa safi, upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa, nasi tulikuwa tayari kuipitisha.

Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja wa ofisini, ambaye aliichukua karatasi siku ya Ijumaa ili akaijaribu kwake. Alipoona mtindi umetajwa katika jina la chakula lakini haumo katika orodha ya vitu, alidhani mpiga chapa ameusahau, akatia vikombe viwili. Mtindi ulipopata moto ulijitenga, maji upande mmoja na mabonge upande mwingine. Mayai, siagi, sukari na pasheni, vyote vikatupwa. Jumatatu aliirudisha karatasi na swali moja tu: "Jamani, ninyi mliipitia mkiwa jikoni au mkiwa mezani?" Hatukuwa na jibu.

Twaona kwamba neno lifaalo ni *rojo*. Kila mpishi ajua kuwa mchuzi mzito ni rojo, na wenyeji wa Unguja wana urojo wao mashuhuri, ambao uzito wake hutokana na unga. Wako watakaosema kwamba neno hili litachanganya watu, kwa kuwa rojo la kawaida ni la chumvi na hili ni la sukari. Hoja hiyo haina nguvu. Uji una wa chumvi na wa sukari, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Neno rojo lataja hali ya kitu, si ladha yake. Ladha itatajwa na tunda: rojo la pasheni, rojo la embe, rojo la ndimu.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua. Mstari mmoja wa karatasi wasema, "usiache mayai yagande", na mstari wa pili baada yake wasema, "pika mpaka yagande". Mwanafunzi afuate amri ipi? Mambo yanayoelezwa hapa ni matatu, na mfasiri ameyabebesha kitenzi kimoja. Kwanza, rojo *huwa zito* likiwa motoni. Pili, moto ukizidi, mayai hufanya chembechembe na kujitenga na maji yake. Hapo rojo limeharibika. Tatu, rojo lililoiva vizuri *hushika* linapopoa, kwa kuwa siagi iliyomo hukaza. Katika rojo la namna hii, kufaulu na kuharibika hutengwa na nyuzijoto chache tu: hukamilika kati ya 75 na 80 za Selisiasi, na likikaribia kuchemka laweza kuharibika.

Je, Kiswahili hakina neno la hali ile ya pili? Linalo, na kila apikaye kwa nazi hulitumia. Tui likiachwa lichemke bila kukorogwa, *hukatika*. Mpishi wa pwani husimama juu ya chungu, mwiko mkononi, moto mdogo, ili tui lisikatike. Hayo ndiyo maarifa yote yanayotakiwa katika rojo la pasheni. Lau karatasi ingesema "koroga bila kuacha, lisije likakatika kama tui", mwanafunzi asingehitaji maelezo zaidi.

Makosa mengine twayataja kwa ufupi. Karatasi yaamuru "kusugua siagi ndani ya unga". Kusugua ni kwa sakafu na masufuria. Siagi na unga *hufikichwa* kwa ncha za vidole mpaka viwe kama chenga za mchele. Yasema "weupe wa yai", hali sisi tuna *ute*, na mwenziwe ni *kiini*. Yaagiza unga "uokwe kwa upofu", yaani uokwe kabla ya kujazwa kitu. Yatosha kusema *oka tupu*. Na pasheni yenyewe imeitwa mahali pamoja "tunda la shauku". Hapa mfasiri amefasiri jina pasipo kuijua asili yake, kwa maana wamisionari wa Kikatoliki waliokuwa Amerika ya Kusini waliona katika ua la mmea huo mfano wa Mateso ya Kristo, wakaliita hivyo. Shauku haimo kabisa. Pasheni ni neno lililokwisha kubalika sokoni, liachwe.

Tena karatasi yasema pai iokwe katika "joto 350", bila kutaja kipimo. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 180 hivi za Selisiasi. Na asiye na tanuri la umeme hakuambiwa neno, ingawa ajua tangu utotoni *kupalia* makaa juu ya kifuniko ili moto uwe juu na chini.

Haki yataka tuseme pia mazuri. Sentensi za mfasiri huyu ni fupi na zaeleweka, na amefanya vyema kulikubali neno pai pasipo kubuni jingine. Kosa lake ni kuamini kwamba neno la Kiswahili hutafutwa kwa kulitazama neno la Kiingereza. Sisi twaamini kwamba hutafutwa kwa kukitazama kitendo. Wakale wetu walifanya hivyo hivyo: mkate wa kumimina waitwa hivyo kwa sababu humiminwa, na chapati ya kusukuma kwa sababu husukumwa.

Ili tusiwe wa kulaumu tu, twatoa hapa mfano wa sehemu ya rojo kama tunavyoona yafaa kuandikwa:

"Kamua na kuchuja pasheni 10 hivi, upate mililita 150 za maji yake. Piga pamoja mayai mazima 2, viini 3 na sukari gramu 150. Tia maji ya pasheni. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji. Koroga bila kuacha mpaka rojo liwe zito na kuushika mgongo wa mwiko, lisichemke, litakatika. Epua, tia siagi gramu 80 kidogo kidogo huku ukikoroga. Mimina katika pai iliyookwa tupu, uache lipoe na kushika."

Mwenzetu aliipika Jumamosi iliyofuata, nasi tukaila.

Kwa hiyo twapendekeza maneno haya yajadiliwe: *rojo*, *kukatika*, *kushika*, *kufikicha*, *kuoka tupu* na *kupalia*. Hakuna hata moja tulilolibuni. Ndugu walimu na wafasiri wenye maneno mengine ya jikoni kwao twawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya kitendo chenyewe. Mwanafunzi aliyeharibikiwa na chakula kwa sababu ya neno letu hatasema kwamba mfasiri amekosea; atasema kwamba Kiswahili hakitoshi, na mwalimu wake atarudia karatasi ya Kiingereza. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya mayai.