Figo changa chini ya hadubini

Mamalia huunda figo mara tatu kabla ya kuzaliwa. Mbili za kwanza, pronefro na mesonefro, ni za kupita. Ya tatu, metanefro, ndiyo inayobaki. Kwa binadamu huanza wiki ya tano ya mimba, kwa panya mdogo wa maabara karibu siku ya 11.

Metanefro hutokana na tishu mbili. Kichipukizi cha ureta huingia ndani ya mesenkima, tishu legelege ya kiinitete, na kutoa matawi. Kwenye ncha za matawi, seli za mesenkima hukusanyika, zikawa kilengelenge, kisha umbo la alama ya mkato, kisha la herufi S. Ncha ya chini ya S hupokea kapilari na kuwa glomeruli, fundo la kapilari. Ya juu huungana na tawi la ureta. Hapo msingi wa nefroni, kizio cha figo cha kuchuja damu, umekamilika.

Uzuri wa figo changa ni kwamba hatua hizo zote huonekana kwa pamoja. Nefroni mpya huundwa pembeni, chini ya utando wa nje, na zilizotangulia hubaki ndani. Kwa hiyo kipande kimoja cha figo ya sungura aliyezaliwa jana, kikihifadhiwa kwa fomalini, kikamiminiwa parafini, kikakatwa unene wa mikroni 5 na kutiwa rangi, husomwa kama kalenda: vilengelenge pembezoni, S chini yake, glomeruli zilizokomaa katikati. Sungura na simbilisi hufugwa kwa nyama katika Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, lakini hawafai kwa kazi moja. Sungura huendelea kuunda nefroni baada ya kuzaliwa; simbilisi huzaliwa amekwisha kumaliza, na ukanda ule wa pembeni haupo. Binadamu naye humaliza karibu wiki ya 36, ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa kazi hiyo ikiendelea.

Kisu, hata hivyo, huharibu umbo. Mrija wa nefroni hujipindapinda, hivyo kwenye kipande huonekana viduara visivyo na uhusiano. Carl Huber wa Chuo Kikuu cha Michigan alilitatua hilo mwaka 1905 kwa subira ya ajabu: vipande vilivyofuatana vilichorwa kimoja kimoja, michoro ikahamishiwa kwenye bamba za nta, bamba zikapangwa hadi mrija mzima ukasimama. Mwaka 1963, Osathanondh na Potter huko Chicago walichambua figo za binadamu za umri mbalimbali, wakitenganisha mirija bila kuikata, na wakaonyesha jinsi nefroni zinavyopangika kwenye matawi.

Umbo halisemi sababu. Katika miaka ya 1950 Clifford Grobstein, Marekani, alitenganisha kichipukizi na mesenkima ya panya, akaviotesha kila kimoja peke yake. Mesenkima haikuunda mirija. Alipoweka ugwe mgongo wa kiinitete upande wa pili wa kichujio chembamba, mirija ikatokea. Ishara ilikuwa imepita kwenye vitundu.

Mwaka 1999 walipatikana panya ambao kichipukizi chao hung'aa kijani, na matawi yakaweza kurekodiwa yakigawanyika yangali hai. Lakini figo inayooteshwa hivyo katika sahani ya maabara haina damu inayopita, hivyo glomeruli zake hubaki bila mzunguko wa kapilari. Hatua ya kapilari kuingia bado husomwa kwenye vipande vya parafini.