Moshi Mweusi

Picha niliyompelekea babu ilikuwa nzuri, na mimi bado naiona nzuri. Garimoshi kubwa la rangi ya maruni linapanda, ubavuni limeandikwa namba 5918 na jina Mount Gelai, na juu yake moshi mweusi umejaza nusu ya anga. Niliichapisha kubwa kwenye stesheneri moja pale Same mjini, kwa sababu simu yangu ni ndogo na macho ya babu hayana nguvu tena. Nilitaka kumfurahisha. Babu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, tangu miaka ya 1960 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, akarudi Upareni.

Aliishika picha mbali na uso, akaigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani huyu anachoma mafuta ya watu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mke wangu, huu moshi umeupenda?"

"Ndiyo, babu. Kila mtu anaupenda."

"Basi hamjui kitu."

Nilikuwa nimeshaandika kurasa 40 za tasnifu yangu ya uzamili juu ya namna magarimoshi ya zamani yanavyosimuliwa, na katika kurasa hizo 40 neno "moshi" nililitumia kila mahali nilipotaka kusema uzuri, nguvu, au maisha yaliyopita. Siku ile, kwa muda wa chai ya kikombe kimoja, babu alinibomolea sura nzima.

Injini hizi, alinieleza, hazikula makaa. Zilichoma mafuta mazito, meusi, yanayopashwa moto kwanza ndipo yatiririke. Fayamani hakuwa na koleo bali valvu mbele yake: ya mafuta, ya mvuke unaoyapulizia ndani ya tanuru, na vifuniko vya kupitisha hewa. Dereva akifungua mvuke ili treni ivute, fayamani aongeze mafuta papo hapo. Dereva akipunguza, naye apunguze. Akichelewa, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, hayaungui yote, na yasiyoungua ndiyo yanayotoka juu yakiwa meusi. Masizi yake yanaganda kwenye mirija ya boila, joto halipiti vizuri, na unapofika kwenye mlima mrefu mvuke unakukimbia.

"Sasa hapo unafanyaje?" nikauliza.

"Unapiga mchanga."

Unachota mchanga mkavu, unaupitisha kwenye tundu la mlango wa tanuru, na upepo wa injini unauvuta mchanga ndani ya mirija na kuikwangua. Hapo moshi mweusi utatoka, na ni sawa utoke, kwa dakika chache. Baada ya hapo bomba linatakiwa lionyeshe ukungu mwembamba tu wa kijivu. Kijivu ni dalili kwamba mtu yuko kazini. Ukiwa mweusi maili nzima, foromani anauona kutoka mbali na anajua ni zamu ya nani.

Picha yangu ilipigwa katika mojawapo ya safari za wapenzi wa reli, baada ya Mount Gelai kufufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye safari za namna hii, sehemu nyingi duniani, treni husimama mahali penye mandhari, abiria hushuka na kupanga kamera, treni inarudi nyuma mpaka isionekane, kisha inakuja tena kwa kishindo ili wapigwe picha. Mara nyingi fayamani huombwa atoe moshi. Anaombwa, kwa maneno ya babu, afanye kazi vibaya kwa makusudi mbele ya watu. Picha hizo ndizo zinazopamba vitabu, kalenda na majalada, na sisi tunaokuja baadaye tunajifunza kwazo jinsi garimoshi zuri lilivyo.

Hilo ndilo linalonisumbua katika fasihi hii. Ni fasihi kubwa, nyingi yake kwa Kiingereza, na ina kanuni zake kama utenzi ulivyo na zake. Kila injini inaandikiwa wasifu: kiwanda ilikozaliwa, mwaka, namba ya kwanza na namba iliyobadilishwa, uzito, stesheni ilikolazwa, siku ilipostaafishwa, na mwisho wake, kukatwa chuma chakavu au kuhifadhiwa. Sitasema uongo, napenda kusoma wasifu huu. Injini za daraja la 59 zilikuwa 34, zote zilitengenezwa na Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Boila yake ilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2, juu ya reli zilizoachana mita 1 tu, kwa sababu mtindo wa Garratt unaining'iniza boila katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, hivyo chini ya boila hakuna magurudumu ya kuibana. Zilivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kilomita 530, mahali palipo juu zaidi ya mita 1,600. Hakuna injini ya mvuke ya reli za mita 1 iliyozipita kwa nguvu, popote duniani. Nikisoma hivyo nywele zinanisisimka, na nikiulizwa kwa nini natafiti vyuma, huwa natoa tarakimu hizi kwanza.

Lakini tazama vitenzi vyake. Ilivuta. Ilipanda. Iliwasili. Injini katika wasifu huu inafanya kila kitu yenyewe, na pale mkono wa mtu unapohitajika kabisa, sentensi inageuka kuwa ya kutendwa: iliwashwa, ilisafishwa, ilijazwa maji. Nani aliwasha? Waandishi wa Kiingereza huiita injini "she", wanaipa jinsia ya kike na mapenzi mengi, lakini mapenzi yenyewe ni ya mtazamaji aliyesimama kando ya reli.

Babu naye anaipa uhai, ila kwa sarufi nyingine. Mimi nilifundishwa kuandika "injini inapanda". Yeye husema "anapanda". Anasema "amechoka", "anataka maji", "leo hasikii". Mwanzoni nilidhani ni Kiswahili cha reli, cha watu waliochanganyika Kipare na Kikamba na Kiluo chini ya paa moja, nikawa nasahihisha nilipokuwa nanukuu. Nimeacha kusahihisha. Katika Kiswahili kiambishi hicho tunampa mtu, mnyama, na kingine chochote tunachokihesabu kuwa na nia yake. Babu hazungumzii urembo anapokitumia. Anazungumzia kitu ambacho angeweza kugombana nacho, kitu ambacho kama humsikilizi kitakuachia mlimani usiku na tani 1,200 nyuma yako.

Mwezi uliofuata nilikwenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Wageni wengi huanza na behewa namba 12, lile ambalo simba aliingia usiku wa mwaka 1900 pale stesheni ya Kima akamtoa Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli. Mimi pia nilianza hapo, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini nilikuwa nimefuata majina.

Injini za Afrika Mashariki zilipewa majina kwa madaraja, na ukiyapanga madaraja hayo unapata maandishi ambayo hakuna aliyeyakusudia kuwa maandishi. Za daraja la 59, kubwa kupita zote, ziliitwa kwa milima. Garratt ndogo zaidi za daraja la 60 ziliitwa kwa magavana. Injini za kawaida za daraja la 29, 30 na 31 ziliitwa kwa makabila. Milima, magavana, makabila: kwa uzito, kutoka juu kwenda chini. Wale makabila wenyewe ndio waliokuwa ndani wakirusha mchanga.

Pale uwanjani kuna 3020, Nyaturu. Nilimtumia picha rafiki yangu wa Singida, akanijibu kwamba hajawahi kuona jina la watu wake limeandikwa kwa shaba, na kwamba hajui afurahi au akasirike. Kuna 2921, ambayo jina lake ni Masai of Kenya, na hayo maneno mawili ya mwisho yanafanya kazi nzito: mpaka ulipita katikati ya watu, na aliyetengeneza kibao akaona afadhali aseme ni nusu ipi. Kuna pia 6006, ambayo ilizaliwa ikiitwa Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Baadaye majina ya magavana yalibanduliwa katika daraja zima, zikabaki namba. Milima haikuguswa. Nadhani ni kwa sababu mlima hauna chama, ingawa najua kutaja mlima wa mtu ni njia ya kale sana ya kudai kwamba umeufikia.

Na kuna 5930. Kati ya injini 34 za daraja la 59 zimebaki mbili, zote ziko Nairobi, na zote zina majina ya milima ya Tanzania. Gelai iko karibu na Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha Upare Kusini, ndiyo milima niliyokua nikiiona, yenye ukungu ambao bibi husema ni shuka lake. Nilisimama mbele ya kibao cha Mount Shengena nikajisikia kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, na papo hapo nikaona aibu kidogo, kwa sababu injini za daraja hili hazikuja kwetu. Zilijengewa njia kuu ya Mombasa na Nairobi, yenye reli za kuzibeba. Mlima wetu ulikwenda kufanya kazi Kenya, kama babu.

Nilipomsimulia, nilitarajia aniambie kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye Shengena. Hadithi ingekaa vizuri sana.

"Hapana," alisema. "Wangu alikatwa."

Hakunitajia jina lake, nami sikuuliza mara ya pili. Wakati ule madereva na wasaidizi walikabidhiwa injini yao, wakisafiri nayo kwa zamu, kundi moja likiendesha na jingine limelala kwenye behewa lao nyuma. Mtu aliyeishi hivyo na chuma miaka kadhaa ana haki ya kutokitaja.

Kuna njia nyingine ya kuhifadhi, na ninaijua kwa video tu. Kule Wales, kwenye reli ya Welsh Highland, Garratt zilizotoka Afrika Kusini zinavuta watalii kati ya Caernarfon na Porthmadog, kilomita 40 za milima, kwenye reli zilizoachana sentimita 60 hivi. Namba 138 na 143 zilitoka Gorton mwaka 1958, kiwanda kilekile cha Shengena. Kazi nyingi pale hufanywa na watu wa kujitolea. Kwa muda mrefu niliwaona kama wazee wanaocheza, na nilikuwa na sentensi kali tayari, juu ya mashine za wakoloni kurudi nyumbani kuburudisha wajukuu wa wakoloni. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake. Kwenye video nilizotazama, waliozivuta enzi za Afrika Kusini hawana majina hata kidogo. Ila niliitazama tena video moja baada ya mazungumzo na babu, safari hii bila kuangalia mandhari. Nilimwangalia kijana aliyesimama kwenye tanuru, na jinsi dereva alivyogusa mvuke naye akageuka kabla hajaambiwa. Kwa vile injini inatembea, lazima awepo mtu anayejua moto, na lazima amfundishe mwingine. Nairobi tumehifadhi chuma, tena kwa shida na kwa heshima. Ujuzi wa valvu na mchanga uko kwenye viti vya plastiki barazani, Same na Voi na Kisumu, na wenye nao wana miaka 80.

Sijui kama ningependa Shengena iwashwe. Mafuta ni ghali, boila ya umri ule inahitaji kufunguliwa na kukaguliwa mrija kwa mrija, na watakaopanda watalipa ili waone moshi. Nimeiandika upya sura yangu, na lugha yenyewe imenipa taabu, maana neno letu ni garimoshi. Waliolipa jina hili walikuwa nje, wakaona kinachotoka juu. Kinachovuta ni mvuke, na mvuke hauonekani mpaka umeshamaliza kazi. Hata treni ya umeme ya Dodoma nimesikia mzee mmoja akiiita gari la moshi, kwa fahari kabisa, na haina bomba.

Wiki iliyopita nilirudi kwa babu na picha nyingine, ya enzi za kazi, nyeusi na nyeupe. Ni injini ya daraja la 59 yenye mabehewa ya mizigo, katikati ya nyika. Hakuna mtu angeiweka kwenye kalenda. Bomba halitoi chochote, na mimi nilipoichapisha niliandika nyuma yake kwa penseli kwamba treni imesimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lete."

Akaichukua, akaisogeza dirishani. Akainamisha kichwa. Akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya bomba, mahali ambapo mstari wa vilima vya nyuma unatikisika kidogo, kama umeandikwa na mkono wenye baridi.

"Anapanda," akasema.