Skinamarink: Jinsi giza la dola 15,000 lilivyowagawa watazamaji

Tarehe 13 Januari 2023, filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa dola 15,000 ilianza kuoneshwa katika kumbi zaidi ya 600 za Marekani. Inaitwa Skinamarink. Mwongozaji wake ni Kyle Edward Ball wa Edmonton, Kanada, na nyumba yenye mauzauza inayoonekana humo ndiyo nyumba aliyokulia. Kwa dakika 100 hivi mtazamaji anaoneshwa pembe za dari, miguu ya kochi, vipande vya Lego vilivyozagaa kwenye zulia na korido ambayo hakuna anayepita. Wapo waliotoka ukumbini wakisema hawajawahi kuogopa namna ile tangu walipokuwa watoto. Wapo waliotoka wakilalamika kwamba wamelipa kiingilio ili watazame ukuta. Wa katikati, wale wa kusema ni filamu ya kawaida tu, walikuwa wachache mno.

Ni rahisi kulimaliza suala hili kwa kusema kila mtu na ladha yake. Lakini ukiitazama filamu kwa jicho la fundi, jibu hilo halitoshi. Karibu kila uamuzi uliomtia hofu mtazamaji mmoja ndio huohuo uliomfanya jirani yake apige miayo. Ball aliitengeneza kazi inayomwachia mtazamaji sehemu kubwa ya kutisha, na mtazamaji asiyetaka au asiyeweza kuibeba sehemu hiyo anabaki na giza mikononi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwaka ni 1995. Kevin, mtoto wa miaka 4, na dada yake Kaylee wa miaka 6 wanaamka usiku na kukuta baba hayupo. Milango na madirisha vinaanza kutoweka kimoja baada ya kingine, mpaka choo nacho kinapotea. Watoto wanahamia sebuleni, wanatandika mablanketi mbele ya runinga na kuwasha katuni. Kisha sauti inaanza kuwaita.

Chanzo cha hadithi kinaeleza mengi kuhusu umbo lake. Kabla ya filamu hii Ball alikuwa na chaneli ya YouTube iitwayo Bitesized Nightmares, ambako aliwaomba watu wamsimulie ndoto mbaya walizowahi kuota, naye akazigeuza kuwa video fupi. Aligundua kwamba ndoto moja ilijirudia kwa watu wengi wasiojuana: mtoto yuko nyumbani, wazazi hawapo au wamekufa, na ndani ya nyumba kuna kitu. Mwaka 2020 akaifanyia majaribio katika filamu fupi ya Heck, ya nusu saa hivi. Skinamarink ni Heck iliyorefushwa. Anayeota ndoto ya aina hiyo hapewi maelezo ya jini limetoka wapi wala linataka nini, na Ball alishikilia sheria hiyo mpaka mwisho. Aliyezoea filamu za mauzauza ambamo padri au mganga anakuja kueleza historia ya nyumba atamsubiri mtu huyo bure.

Uamuzi mkubwa wa kwanza ni mahali kamera ilipowekwa. Nyuso za watoto karibu hazionekani kabisa. Tunaona visigino, kisogo, mkono unaoshika tochi, na sauti zao zinatoka nje ya fremu. Kamera inakaa chini, kwenye kimo cha mtoto au chini zaidi, hivyo mlango wa kawaida unaonekana mrefu kupita kiasi na dari inaning'inia juu kama uzito. Kwa mtayarishaji mwenye dola 15,000 na siku 7 tu za kupiga picha, huu ni ujanja wenye faida mbili. Mtoto mdogo habebeshwi mzigo wa kuigiza hofu usoni, jambo linalowashinda hata waigizaji wazima. Na mtazamaji, kwa kukosa uso wa kuutegemea, analazimika kuogopa mwenyewe.

Hapohapo ndipo wengine walipopotelea. Uso wa mwigizaji ni ramani: unatuambia jambo gani ni zito, lini tushtuke, nani wa kumhurumia. Filamu za kutisha zimeishi kwa kutegemea uso unaopiga kelele. Ukiuondoa, mtazamaji anayemtafuta mtu wa kumfuata anakosa pa kushika, na Kevin na Kaylee wanabaki kuwa sauti mbili nyembamba zinazonong'ona. Lawama ya wale waliosema hawakuwajali watoto hawa ina msingi. Filamu haikuwapa nafasi ya kuwajali kwa njia waliyoizoea.

Kisha kuna chenga. Mpiga picha Jamie McRae alitumia kamera ya kidijitali, Sony FX6, inayosifika kwa kuona vizuri penye mwanga hafifu. Mwanga mwingi unaoonekana ni wa runinga, taa ndogo ya usiku na tochi. Kamera ile ingeweza kutoa picha safi, lakini wakati wa uhariri Ball aliifunika picha kwa punje nene zinazotembea, mfano wa mkanda wa zamani uliochakaa. Matokeo yake giza la Skinamarink halitulii. Ukiukodolea macho mlango mweusi kwa sekunde 20, zile punje zinaanza kujipanga. Ubongo wa binadamu umezoea kutafuta nyuso kwenye vurugu, na hapa unapewa vurugu ya kutosha. Mmoja ataona mtu amesimama. Mwingine ataona macho. Wa tatu ataona chenga tu, na hatakuwa amekosea.

Huu ndio ubunifu mkubwa kuliko yote katika filamu hii, na gharama yake ilikuwa muda mbele ya kompyuta. Vivuli vinavyowatisha watu katika fremu nyingi havikupigwa picha na mtu yeyote. Mtazamaji mwenyewe anavitengeneza papo hapo. Lakini ubunifu huo una masharti. Chumba kiwe na giza kweli, skrini iwe kubwa au karibu na macho, na anayetazama awe tayari kukaza macho badala ya kusubiri kuoneshwa. Washa taa ya sebuleni, na punje zote zinakuwa kasoro ya picha.

Sauti imetendewa vivyo hivyo. Muziki wa kuigizia hofu karibu haupo. Kuna mvumo wa kanda ya zamani usiokatika, na maneno yamechafuliwa kiasi kwamba baadhi ya minong'ono inahitaji maandishi chini ya skrini ili ieleweke, huku mingine ikiachwa bila maandishi. Mtazamaji anajikuta ameinama mbele, ametega sikio. Ball anamfundisha kutega sikio kwa muda mrefu, kisha anampiga kwa kelele. Simu ya plastiki ya kuchezea, yenye macho na magurudumu, inapochomoza ghafla na mlio wake mkali, ukumbi mzima huruka kwa sababu dakika nyingi kabla ya hapo masikio yalikuwa yamefunguliwa mpaka mwisho.

Katuni za runinga nazo hazikuwekwa kama pambo. Ni kazi za miaka ya 1930 ambazo hakimiliki zake zimekwisha, kwa hiyo hazikulipiwa. Mojawapo ni Prest-O Change-O ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Chuck Jones, yenye sungura anayetoweka kwa mazingaombwe. Ball anakirudiarudia kipande kile cha kutoweka, mara ya tatu, mara ya nne, huku vitu vya nyumbani navyo vikitoweka. Katika nyumba ambayo hakuna mtu anayetoa maelezo, sungura huyo ndiye anayekaribia kueleza kinachotokea.

Tukio linaloonesha vizuri jinsi vipande hivi vinavyofanya kazi pamoja ni la chumbani kwa wazazi. Kaylee anaitwa juu. Baba yake amekaa ukingoni mwa kitanda, hasogei. Anamwambia atazame chini ya kitanda. Kamera inashuka taratibu pamoja na mtoto, inaingia kwenye weusi na kukaa humo. Hakuna kitu. Anaambiwa atazame tena. Muda si mrefu baba hayupo, na upande wa pili wa kitanda amekaa mama, ambaye hatukuwa tumemwona, naye amegeuza mgongo. Anaongea kwa upole. Anamwambia bintiye kwamba wazazi wake wanampenda yeye na Kevin. Kisha anamwomba afumbe macho.

Hakuna damu wala jini lililovaa barakoa. Kuna kitanda, watu wawili waliogeuka na muda. Kila fremu inakaa sekunde kadhaa zaidi ya pale mhariri wa kawaida angeikata, na ziada hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aanze kujijibu maswali kabla filamu haijajibu. Maneno ya upendo yanatisha hapa kuliko tishio lolote, kwa kuwa hakuna mzazi anayesema hivyo usiku wa manane bila sababu.

Mfano wa kulinganisha uko tayari, kwa sababu filamu nyingine maarufu ya nyumba moja ilianza na bajeti ileile. Paranormal Activity ya Oren Peli ilipigwa kwa takriban dola 15,000, ndani ya nyumba yake huko San Diego, mwaka 2006, nayo ikatumia siku 7. Peli alikuwa na waigizaji wawili, Katie Featherston na Micah Sloat, na kamera iliyosimamishwa kwenye tripodi mbele ya kitanda. Mpangilio wa fremu ile unafaa kufundishwa darasani: kitanda kulia, mlango ulioachwa wazi kushoto, nyuma yake korido nyeusi, na saa inayohesabu pembeni. Ikikimbia, hakuna kitu. Ikirudi kwenye mwendo wa kawaida, mtazamaji anajua aanze kutafuta.

Saa hiyo ndogo ilimpa mtazamaji mkataba. Alijua lini aogope na lini apumzike, maana mchana wapenzi wale wawili waligombana, walicheka, walikula. Hata hivyo filamu ile nayo iliwagawa watu, na wapo mpaka leo wanaoieleza kama kuangalia watu wamelala. Katika onesho moja la majaribio, watu walianza kutoka ukumbini. Wakuu wa studio walidhani filamu imewashinda, kumbe wengine walikuwa wanatoka kwa hofu. Ilipoachiwa rasmi mwaka 2009, ilikusanya zaidi ya dola milioni 190 duniani.

Ball aliuvunja mkataba huo kwa makusudi. Kwake hakuna mchana, hakuna saa ya kutegemea, hakuna mtu mzima wa kupanga mikakati. Hesabu ya muda inayojitokeza mwishoni, maandishi yanayotaja siku 572, inaongeza uchungu badala ya kuondoa utata. Ni ujasiri unaostahili heshima. Ila mtazamaji asiyepumzishwa kabisa huishia kwenye moja ya hali mbili: anazama, au anazoea. Na akishazoea, giza linakuwa giza tu.

Kwa hiyo wanaoilaumu filamu kwa urefu wana hoja nzito kuliko wanaoilaumu kwa kutooneshwa kitu. Ile nusu saa ya Heck ilibana kitu hikihiki na haikupoteza nguvu. Katikati ya Skinamarink kuna mfululizo wa fremu za korido na zulia zinazorudia kazi iliyokwishafanywa, na sehemu hiyo ndiyo inayowapoteza hata watu waliokuwa wameogopa kwa dhati mwanzoni. Dakika 20 zingeweza kuondolewa bila kuigusa ndoto yenyewe.

Sehemu ya mgawanyiko haikutoka ndani ya filamu. Skinamarink ilioneshwa kwa mara ya kwanza Julai 2022 katika tamasha la Fantasia mjini Montreal. Baadaye nakala ilivuja, na vipande vya sekunde chache vikaanza kuzunguka TikTok na kwingineko, vikisindikizwa na madai kwamba hii ni filamu ya kutisha kuliko zote. Kipande cha sekunde 15 kinachukua mshtuko na kuacha kungoja, wakati filamu yenyewe sehemu kubwa ni kungoja. Watu walioshawishiwa na mishtuko walifika ukumbini wakiwa wamejiandaa kwa chakula kingine kabisa. Kelele hizo hizo ziliiletea mapato ya zaidi ya dola milioni 2, na bila shaka baadhi ya waliolipa ni wale waliotoka wamekasirika.

Mwanzoni mwa Februari 2023 ikahamia Shudder, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ikaingia majumbani. Huko mtazamaji ana uwezo wa kuzima taa zote na kuvaa spika za masikioni, hali iliyo karibu zaidi na ile ya mtoto aliyeamka peke yake. Ana uwezo pia wa kusimamisha filamu, kujibu ujumbe na kurudi. Mlio wa simu ya kuchezea utamshtua hata anayefanya hivyo. Tukio la kitandani halitamgusa, kwa kuwa linahitaji dakika kadhaa za macho yasiyobanduka kwenye skrini kabla Kaylee hajaanza kupanda ngazi.