Uhakiki Unaomfaa Mtunzi: Funzo Kutokana na Mgogoro wa Ushairi

Tenzi nyingi za kale za pwani humalizika kwa ada moja. Kisa kikishakwisha, mtunzi humgeukia msomaji, hukiri udhaifu wake, huomba radhi kwa makosa yaliyomo, kisha humpa ruhusa ya kuyasahihisha: palipopungua aongeze, palipozidi apunguze. Aghalabu ada hii huchukuliwa kuwa ni unyenyekevu mtupu. Lakini ndani yake mna mkataba. Mtunzi anakubali kwamba kazi yake yaweza kutengenezwa; na msomaji, kwa kukabidhiwa kalamu, anatwikwa wajibu wa kutengeneza. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mkataba huo ulivyosahauliwa katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, ili ibainike ni uhakiki wa namna gani unaomfaa mtunzi.

Historia ya mgogoro huo inajulikana. Mwaka 1954 ilitoka Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kazi ya Sheikh Kaluta Amri Abedi. Humo kanuni za vina na mizani zilipangwa bayana, na mwandishi akashikilia kwamba shairi sharti liimbike. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoziacha kanuni hizo. Katika utangulizi wake alieleza nia ya kuusogeza ushairi karibu na watu wa kawaida. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara. Tangu hapo malumbano yakapamba moto, magazetini na katika makongamano, kwa miaka mingi.

Swali lililotawala lilikuwa moja: je, haya ni mashairi? Upande mmoja ulijibu kwamba ni nathari iliyokatwakatwa. Wa pili ukajibu kwamba vina na mizani ni minyororo iliyotoka ugenini. Majibu yote mawili yaliwapita watunzi kando. Aliyeambiwa kwamba alichoandika si shairi hakuelezwa ni mshororo upi uliolegea, wala kwa nini. Naye aliyeambiwa kwamba amefungwa minyororo hakuelezwa ni wapi kina kilipoiharibu maana. Isitoshe, mapokeo yenyewe hayakuwa na kipimo kimoja: mshororo wa utenzi huwa na mizani 8, wa Al-Inkishafi 10, na wa shairi la kawaida 16. Aliyetaka kuwasaidia watunzi angeuliza kila kipimo kinafanya kazi gani. Jitihada za aina hiyo hazikukosekana kabisa. Katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, Mulokozi na Kahigi walijaribu kueleza sifa za ushairi zilizo pana kuliko vina na mizani. Hata hivyo, maelezo ya jumla, hata yakiwa mazuri, hayachukui nafasi ya kulisoma shairi moja moja.

Kosa la kuhukumu kabla ya kusoma si la Waswahili peke yao. Mwaka 1929 I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha Practical Criticism, kitabu kilichotokana na zoezi aliloliendesha darasani. Aliwapa wasomaji wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Ilidhihirika kwamba wengi walitoa hukumu ilhali hawakufahamu hata maana ya wazi ya maneno waliyoyasoma. Kufahamu, basi, ndiko wajibu wa kwanza wa mhakiki.

Wajibu wa pili ni kuipima kazi kwa lengo lake. Amri Abedi alitaka shairi liimbike; basi na apimwe kwa sikio. Kezilahabi alitaka kuwakaribia watu wa kawaida. Basi na aulizwe kama Kichomi, pamoja na taswira na ishara zake nzito, kweli kiliwakaribia watu hao kuliko shairi la gazetini waliloweza kuliimba. Swali hilo ni kali kuliko tamko kwamba Kichomi si ushairi, na lina manufaa zaidi, kwa sababu mtunzi anaweza kulijibu katika diwani ifuatayo.

Wajibu wa tatu ni kuonyesha mahali penyewe. Tuchukue mshororo uliobuniwa kwa ajili ya mfano tu:

Mkulima alilima, jembe mkononi jama

Mizani ni 16 na vina vimetimia. Mhakiki anayehesabu tu atausifu. Asiyependa vina ataudharau. Wote wawili watakuwa hawajamsaidia mtunzi. Anayemfaa ni yule atakayesema kwamba neno "jama", ambalo ni "jamaa" lililofupishwa, limeletwa na kina pekee. Likiondolewa, maana haipungukiwi na kitu. Ataongeza kwamba nafasi hiyo ingeweza kubeba jambo, mathalan "jua kali likichoma", bila kuvunja kina wala mizani. Sasa tuchukue mfano wa pili, nao wa kubuni:

Mkulima
aliinua jembe
na
jua likamchoma

Hapa pia si lazima kugombania jina la shairi. Yatosha kuuliza: "na" imesimamishwa peke yake kwa faida gani? Kituo humpa msomaji nafasi ya kutua, na anapotua hutazamia uzito. Kiungo "na" hakina uzito wa kustahili nafasi hiyo, jembe linao. Maswali yote mawili yanatoka katika kanuni moja, kwamba kila neno lililopewa mahali pake sharti lipatumikie. Kwa kanuni hiyo wafuasi wa pande zote mbili wangeweza kusomeana kazi.

Huenda ikadaiwa kwamba mhakiki ni mtumishi wa msomaji, hivyo hana deni kwa mtunzi, na kwamba upole hudumaza fasihi. Dai hili lina uzito, lakini linachanganya upole na manufaa. Sifa tupu huuvunja mkataba sawasawa na tusi, kwa kuwa zote mbili humwacha mtunzi pale pale alipokuwa. Na uhakiki ulioonyesha mahali penyewe humfaa msomaji pia: unampa njia ya kuthibitisha au kuipinga hukumu kwa macho yake.

Jambo hili linazihusu idara za lugha moja kwa moja. Mswada wa mwanafunzi unaporudishwa na neno "dhaifu" pekee ukingoni, hasara si ya mswada huo tu. Mwanafunzi anajifunza kwamba kuhakiki ni kutamka hukumu, na kesho, akiwa mwalimu au mhariri, atawatendea wengine vivyo hivyo. Baadhi yao hawataandika tena. Watunzi wa tenzi waliomba kusahihishwa kwa sababu walitazamia kwamba atakayeichukua kalamu ameusoma utenzi hadi beti za mwisho. Mhakiki asiyeweza kuonyesha mahali kosa lilipo, na namna linavyoweza kuondolewa, ni heri asome tena kabla ya kuandika.