Wosia kwa Binti Asiyezaliwa

Mama mgonjwa anamwita bintiye asogee na wino na karatasi ili amwachie maneno: sura hiyo si ngeni kwa mpenzi yeyote wa tenzi. Mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi ambao hadi leo ni miongoni mwa nguzo za ushairi wa mwambao. Wahakiki wameujadili sana kwa yale unayomwagiza mke kumtendea mumewe. Lisiloulizwa sana ni jambo jepesi zaidi: lau binti hakuwapo, wosia ule ungekwenda kwa nani?

Swali hilo ndilo linalomkabili msomaji wa Giving Up the Ghost, kumbukumbu za maisha alizozichapisha Hilary Mantel mwaka 2003. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1952 na kufariki mwaka 2022, anajulikana zaidi kwa riwaya zake za Thomas Cromwell, zilizompatia tuzo ya Booker mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2012. Kumbukumbu hizi ni kitabu chembamba kando ya riwaya hizo, lakini ndicho kinachoeleza mkono ulioziandika ulitoka katika mwili wa namna gani.

Kisa chenyewe ni kizito. Tangu ujanani Mantel alisumbuliwa na maumivu ambayo madaktari waliyahesabu kuwa ni ya akili. Alipewa dawa za wagonjwa wa akili zilizomzidishia madhila, na tabibu mmoja akamkanya hata asiandike. Mwaka 1977 alihamia Botswana pamoja na mumewe, mtaalamu wa miamba, na huko, kwa kusoma vitabu vya tiba, akajitambulia maradhi yake mwenyewe: endometriosi, yaani nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota mahali pasipo pake. Mwishoni mwa mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa London, akatolewa mji wa mimba pamoja na ovari. Hedhi yake ilikoma siku moja, kwa kisu.

Wako wanawake wanaofikishwa mahali hapo bila ya kisu. Ovari zao hupunguza kazi au huiacha kabla ya umri wa miaka 40: kwa baadhi ni kwa sababu ya urithi, kwa wengine kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe, na kwa wengine ni athari za dawa za saratani. Wengi hawapewi sababu yoyote, kwa kuwa haionekani. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa hali hii humpata mwanamke mmoja katika kila 100. Makadirio ya miaka ya karibuni yamepanda hadi zaidi ya 3. Njia ni mbalimbali, lakini mlango ni mmoja, na Mantel ameuandika mlango huo kwa namna ambayo vitabu vya tiba haviwezi.

Ubora wa kitabu uko katika kivuli kinachokipitia. Mantel alikuwa amekwisha kumchagulia jina binti ambaye angemzaa: Catriona. Binti huyo hakutungwa mimba wala hakuzaliwa, na kwa hiyo hakufa. Hata hivyo anaishi ndani ya kurasa, anakua, na nafasi yake nyumbani haijazwi na mtu mwingine. Jina la kitabu, ambalo kwa Kiingereza ni msemo wa kukata roho, linabeba pia maana ya kuiachilia mizimu iende zake. Mwandishi hajiombolezi kwa sauti kuu. Anaweka mambo wazi na makavu, mara nyingine kwa mzaha mkali, na ukavu huo ndio unaomliza msomaji.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo Mantel angelionea wivu. Hedhi inakoma, na koma, kama nomino, ni roho ya aliyekufa. Kwa majirani Wamijikenda neno hilo lingali hai, likimaanisha roho za wahenga. Kitenzi na nomino hiyo si lazima viwe vya shina moja, lakini sikio la mshairi halisubiri idhini ya mwanaisimu. Kiarabu, kwa upande wake, kinauita umri huo sinn al-ya's, umri wa kukata tamaa, na siku hizi wako Waarabu wanaopendelea kusema sinn al-amal, umri wa matumaini. Kiswahili kimesema tu kwamba jambo limekoma, bila ya kumhukumu mwanamke kuwa amekata tamaa. Hiyo ni hazina ndogo ya adabu iliyomo katika lugha, na haijatumiwa ipasavyo.

Sheria ya dini haikumsahau mwanamke aliyefika umri huo: Suratut Talaq imempangia eda ya miezi mitatu. Lakini sheria huhesabu siku. Uchungu ulioko ndani ya siku hizo ni kazi ya fasihi na ya majirani. Kila mlango wa mwili wa mwanamke wa mwambao una mtu wa kusimama naye. Mwari anaye kungwi au somo. Mzazi anaye mkunga, na nyumba hujaa hadi arubaini. Mjane ana eda yake, na wanawake wa matanga humzunguka. Mwanamke wa miaka 27 ambaye hedhi yake imemkatikia hana wa kumshika mkono. Hakuna maiti, basi hakuna hitima. Kilichopo ni swali la kila harusi: “Na wewe, lini?” Mara nyingi humjibia neno tasa, ambalo hutamkwa nyuma yake.

Ndipo panapoonekana pia upungufu wa kitabu cha Mantel. Mgonjwa wake yu peke yake mno. Aliyegundua maradhi ni yeye. Aliyebaki na mwili uliobadilika, ulionenepa baada ya matibabu hata nguo na macho ya watu yakawa mtihani, ni yeye. Msomaji anaweza kukifunga kitabu akidhani kuwa upweke huo ni kanuni ya maradhi yenyewe, kumbe ulikuwa kasoro ya waliomzunguka. Mwaka 1995, miaka 16 baada ya upasuaji ule, wanawake wenye hali hii nchini Uingereza walianza kukusanyika katika jumuiya ya Daisy Network, kupeana habari na faraja.

Na habari zenyewe zina thamani ya maisha. Kijana ambaye hedhi yake imepotea kwa miezi kadhaa, naye si mjamzito, anastahili kupimwa homoni katika damu badala ya kuambiwa ana mawazo. Ikithibitika kuwa ovari zimepungua nguvu, kwa kawaida hupewa homoni badala hadi kufikia umri wa takriban miaka 50, ambao wengi hukoma hedhi, isipokuwa pawepo kizuizi kama saratani ya matiti. Dawa hizo hazikusudiwi kutuliza tu joto la ghafla na jasho la usiku. Huilinda mifupa isimong'onyoke na huuhifadhi moyo. Tena, kwa yule ambaye ovari zake hazikutolewa, mlango haufungwi kabisa: wachache hushika mimba bila ya matibabu. Mantel hakuwa na bahati hiyo, na haifai hadithi yake isomwe kama hukumu kwa wote.

Mwana Kupona anapokaribia mwisho wa utendi wake hamwachi binti peke yake mbele ya wosia; anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome. Mantel, ambaye hakuwa na binti wa kumwita karibu, alianza moja kwa moja na hao wengine. Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo lilikwisha kuwamo katika utendi wa 1858: wosia wa mama haukupata kuwa mali ya aliyezaliwa naye tu. Anayekijua Kiingereza na akisome kitabu hiki. Na anayejua kutunga, atazame mlango ule usio na kungwi.