Nandigram: kura 100,000 zilivyohama

Mwaka 2016 mgombea wa chama cha BJP katika eneobunge la Nandigram, West Bengal, nchini India, alipata kura 10,713. Miaka mitano baadaye chama hichohicho kilipata 110,764 mahali palepale, kikatwaa kiti cha bunge la jimbo na kumwangusha Waziri Kiongozi, Mamata Banerjee, aliyekuwa ameacha kiti chake cha mjini Kolkata akaja kugombea huku vijijini. Ni nyongeza ya kura 100,051, katika nchi ya mashamba ya mpunga ambako majirani wanajuana tangu enzi za mababu.

Maelezo yaliyozoeleka yanamtaja mtu mmoja: Suvendu Adhikari. Yeye ndiye aliyeshinda mwaka 2016 kwa tiketi ya Trinamool Congress, chama cha Banerjee, akahamia BJP Desemba 2020, na eti kura zikamfuata. Nimezipanga hesabu za chaguzi hizo mbili bega kwa bega, na haziungi mkono maelezo hayo. Hesabu hizo zinataka tuanze nyuma kidogo.

Nandigram iko wilaya ya Purba Medinipur, ng'ambo ya mto Haldi ukitokea mji wa bandari na viwanda wa Haldia. Ina tarafa mbili. Kwa sensa ya 2011, Waislamu walikuwa takriban asilimia 34 ya wakazi wa Nandigram I na asilimia 12 tu katika Nandigram II. Siasa za wakulima zina mizizi mirefu hapa: mwaka 1946 na 1947 wakulima wa mafungu walipambana na wenye mashamba katika vuguvugu la kikomunisti la Tebhaga, wakidai theluthi mbili ya mavuno badala ya nusu. Ndiyo maana wakomunisti walikuwa na wenyeji wao katika vijiji hivi. Muungano wa Kushoto ulipokuwa ukitawala West Bengal, Nandigram iliachiwa chama cha kikomunisti cha CPI, mshirika mdogo wa CPI(M), na mwaka 2006 Ilyas Mahammad wa CPI alichaguliwa tena.

Miezi michache baadaye serikali hiyohiyo ya Kushoto, chini ya Buddhadeb Bhattacharjee, ilitaka ardhi ya Nandigram kwa ajili ya viwanda vya kemikali, mradi uliohusishwa na kampuni ya Salim ya Indonesia. Ekari zilizotajwa zilikuwa kama 10,000. Mwanzoni mwa Januari 2007 habari ya notisi ya kutwaa ardhi ilipoenea, wanakijiji walichimba mitaro barabarani na kukata madaraja madogo ili magari ya serikali yasipite, wakaunda kamati ya kupinga kuhamishwa. Tarehe 14 Machi 2007 polisi waliingia kwa nguvu. Mbele yao, upande mmoja Wahindu walikuwa katika ibada na upande mwingine Waislamu walikuwa wakisoma Kurani, wanawake na watoto wakiwa mstari wa kwanza. Watu 14 waliuawa.

Mchambuzi wa uchaguzi lazima atazame kilichojengwa katika miezi ile. Kulinda mtaro usiku kunahitaji zamu. Zamu zinahitaji orodha ya nyumba, mtu wa kila mtaa anayejua nani yuko na nani hayupo, na namna ya kupashana habari upesi. Hicho ndicho chama chochote hukihitaji siku ya kura. Kamati ile ilikuwa na watu wa itikadi mbalimbali, hata waliokuwa wapiga kura wa Kushoto, lakini Trinamool ndiyo iliyoirithi, na Suvendu Adhikari ndiye aliyekuwa kiungo chake na vijiji.

Matunda yalionekana haraka. Mei 2008 Trinamool ilitwaa baraza la wilaya ya Purba Medinipur. Mbunge wa CPI alipojiuzulu, uchaguzi mdogo wa Januari 2009 ukampa kiti Firoja Bibi, mama aliyefiwa na mwanawe katika risasi za Machi 14. Alishinda tena 2011, mwaka ambao Kushoto iliondoka madarakani baada ya miaka 34. Mwaka 2016 Adhikari aliacha ubunge wa taifa wa Tamluk akagombea Nandigram mwenyewe, akapata kura 134,623 dhidi ya 53,393 za CPI. Tofauti ilikuwa 81,230.

Linganisha sasa na 2021. Trinamool ilipata kura 108,808, yaani ilipoteza 25,815. Kushoto, safari hii ikiwakilishwa na Minakshi Mukherjee wa CPI(M), ilipata 6,267, pungufu ya 47,126. Mgombea huyo hakufikisha hata moja ya sita ya kura halali, kiwango ambacho sheria ya India inakitaka ili mtu arudishiwe dhamana yake. Ukijumlisha mapengo hayo mawili unapata 72,941. Zinazobaki kufikia nyongeza ya BJP ni 27,110, ambazo chanzo chake hasa ni kukua kwa daftari la wapiga kura.

Hizi ni hesabu za jumla; hazimfuati mpiga kura mmojammoja kutoka sanduku hadi sanduku. Hata hivyo zinasema jambo kubwa. Kama kura za Adhikari zingekuwa mali yake, Trinamool ingebaki mifupa mitupu baada ya yeye kuondoka. Badala yake ilibaki na zaidi ya sehemu nne kati ya tano za hesabu yake ya zamani, au tuseme wazi: karibu asilimia 81. Pengo kubwa zaidi, karibu mara mbili ya lile la Trinamool, liko upande wa Kushoto.

Sababu yake si fumbo kwa anayefuatilia siasa za vijiji vya West Bengal. Baada ya 2011 wafuasi wa Kushoto ndio waliobanwa. Katika uchaguzi wa serikali za vijiji wa 2018, karibu theluthi moja ya viti vya jimbo zima vilikwenda bila kupingwa, na vingi mno kati ya hivyo vilikuwa vya Trinamool. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kugombea kijijini kwake hutafuta chama chenye nguvu ya kumkinga, hata kama zamani kilikuwa adui yake. Mwaka 2019 usemi ulizagaa jimboni humo: kwanza Ram, yaani BJP, kisha Kushoto. Mimi nauona usemi huo kuwa maelezo bora ya matokeo ya Nandigram kuliko hotuba yoyote ya kampeni. Adhikari alichokileta BJP ni mawakala na wenyeji wanaojua njia za vijijini. Kura nyingi zilikuwa tayari zikitafuta pa kwenda.

Wapo wanaodai kwamba mgombea wa Kushoto ndiye aliyemgharimu Banerjee ushindi, kwa kuwa kura zake 6,267 ni zaidi ya mara tatu ya tofauti ya 1,956. Nadhani wameishika hesabu kichwa chini. Kama Kushoto ingeshikilia hata nusu ya kura zake za 2016, zikatoka katika fungu la BJP, Adhikari angeshindwa kwa mbali. Banerjee aliumizwa na udhaifu wa mpinzani wake wa zamani.

Tofauti yenyewe ilikuwa nyembamba ajabu. Watu wasiofika 1,000 wangebadili uamuzi, matokeo yangegeuka. Adhikari aliahidi kumshinda kwa kura 50,000. Alishinda kwa asilimia 48.5 dhidi ya 47.6. Siku ya kuhesabu, Mei 2, uongozi ulipanda na kushuka raundi baada ya raundi, na kwa muda vyombo vya habari vilitangaza kuwa Banerjee ameshinda. Alipoomba kura zihesabiwe upya, msimamizi wa uchaguzi alikataa. Banerjee alienda Mahakama Kuu ya Calcutta. Kushindwa huko hakukumzuia kuapishwa Mei 5, kwa kuwa katiba humruhusu asiye mbunge kushika uwaziri kwa miezi sita, na Oktoba akarudi bungeni kupitia Bhabanipur, kiti chake cha zamani cha Kolkata.

Kwa Nandigram yenyewe, jambo zito zaidi naliona katika tofauti ya tarafa zile mbili. Kamati ya 2007 iliunganisha dini mbili juu ya ardhi moja. Novemba 10, 2020, kabla hata Adhikari hajahama rasmi, kumbukumbu za waliouawa mwaka 2007 zilifanyika katika mikutano miwili pinzani siku ileile, wake ukiwa Gokulnagar na wa Trinamool ukiwa mahali pengine. Kampeni iliyofuata iliendeshwa waziwazi kwa misingi ya dini, BJP ikihesabu Wahindu na Trinamool ikiwategemea Waislamu wa tarafa ya kwanza. Orodha za nyumba zilizoandaliwa kulinda mashamba ya wote sasa zinatumika kumtenga jirani na jirani, na atakayetaka kiti hiki bila kutembea juu ya mpasuko huo atalazimika kurudi kwenye suala la ardhi, mazao na ajira, ambalo vyama vyote viwili vililitaja kwa haraka tu mwaka 2021.