Meseji Mbili za Usiku wa Manane

Gari la familia ya Kim lilikwama kwenye milima ya kusini-magharibi mwa jimbo la Oregon, Marekani, mwishoni mwa Novemba 2006, mahali ambapo simu haikushika mtandao. Hawakuweza kumpigia mtu yeyote. Hata hivyo, simu hiyohiyo ndiyo iliyowaonyesha watafutaji pa kuanzia, na namna ilivyofanya hivyo ni jambo ambalo kila dereva anayekatiza nyika anapaswa kulielewa.

James Kim, mhariri wa CNET, tovuti ya habari za teknolojia, alisafiri na mkewe Kati na binti zao wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi saba. Novemba 25 walitoka Portland kuelekea Gold Beach, kwenye pwani ya Pasifiki. Wakapitiliza njia panda waliyotakiwa kukunja. Walipotazama ramani, wakaona barabara ya Bear Camp inakatisha milimani hadi pwani. Walipokutana na theluji wakarudi nyuma, kisha wakaingia barabara ya wakata magogo ambayo lango lake lilikuwa wazi. Usiku wa manane ulikuwa umeshapita waliposimama. Kulipokucha, njia ilikuwa imefunikwa na theluji.

Walibaki na gari, na hapo walifanya sawa. Waliwasha injini kupata joto hadi mafuta yakaisha, wakahamia kwenye kuni na majarida, hatimaye wakachoma tairi. Mama aliwanyonyesha watoto wote wawili. Siku zikapita bila mtu kutokea.

Kwa nini hakutokea mtu? Kwa sababu hakuna aliyejua wamepita wapi. Taarifa ya kupotea kwao ilitolewa siku kadhaa baadaye, na kati ya Portland na Gold Beach kuna barabara nyingi za kuchagua. Polisi walikuwa na mwanzo wa safari na mwisho wake, katikati hapajulikani.

Hapo ndipo wahandisi wawili wa kampuni ya simu ya Edge Wireless, Eric Fuqua na Noah Pugsley, walipochimba kumbukumbu za mitambo yao. Simu iliyowashwa hutafuta mnara muda wote, hata ikiwa mfukoni. Meseji uliyotumiwa ukiwa nje ya mtandao haipotei mara moja. Husubiri, na simu ikidaka mnara kwa sekunde chache tu, inashuka. Maongezi hayawezekani kwa mawasiliano hafifu kiasi hicho, lakini meseji inapita, na mitambo huandika saa, mnara uliohusika na upande wa mnara ulioipeleka. Kumbukumbu zilionyesha kwamba meseji mbili ziliifikia simu ya Kim kama saa saba na nusu usiku wa kuamkia Novemba 26, kupitia mnara wa karibu na mji wa Glendale, upande wa magharibi. Wahandisi wakatumia kompyuta kupima ni miteremko ipi mnara huo unaweza kuifikia bila kuzuiwa na milima, wakalinganisha na barabara zilizopo. Bear Camp ikajitokeza.

Kazi iliyobaki ilihitaji macho. Desemba 4, John Rachor, mwenyeji aliyekuwa akirusha helikopta yake binafsi nje ya msako rasmi, alifuata barabara za wakata magogo ambazo mgeni angeweza kuziingia kwa kukosea. Akawaona Kati, aliyekuwa akipunga mwavuli, na watoto. Wote watatu walikuwa hai, karibu na gari.

James hakuwepo. Desemba 2 aliondoka kwa miguu kutafuta msaada, akiahidi kurudi mchana huohuo asipokutana na mtu. Alikwenda mbali, akashuka kwenye korongo la kijito cha Big Windy, na huko mwili wake ulipatikana Desemba 6. Baridi ilikuwa imemuua. Simlaumu. Baba aliyekaa wiki nzima akiwatazama watoto wake wakiwa na njaa hana uamuzi rahisi wa kufanya. Lakini kwa mtafutaji aliye angani, mtu mmoja chini ya miti ni vigumu kumwona, ilhali gari lina paa pana na huacha alama za magurudumu. Tena gari ni nyumba: linazuia upepo, mvua na jua.

Kwetu Afrika Mashariki adui mara nyingi ni joto. Anayekwama kwenye jangwa la Chalbi huangamizwa na kiu, kwa hiyo madumu ya maji yana thamani kuliko dumu la mafuta ya akiba, na mwendo wa mchana ndio unaoyamaliza haraka. Anayekwama kwenye mbuga za Katavi au Tsavo ana sababu nyingine ya kutoliacha gari, nayo ina makucha. Simu isipokubali kupiga, andika meseji fupi yenye jina la barabara na kijiji cha mwisho ulichopita, uijaribu tena na tena kutoka kwenye mwinuko ambapo bado unaliona gari. Kisha izime kutunza chaji, uiwashe kwa saa ulizojipangia. Ukilazimika kuchoma tairi kwa ajili ya moshi, toa upepo kwanza, maana tairi lililojaa hupasuka motoni, na uchomee mbali na gari.

Hayo yote ni ya kufanya baada ya kukwama. Lililoigharimu zaidi familia ya Kim ni zile siku za mwanzo ambazo hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Kabla hujawasha gari, mwambie mtu mmoja njia utakayopita, si mji unaokwenda tu, na saa ambayo usipokuwa umefika aanze kuuliza. Ukibadilisha njia, mtumie meseji ungali na mtandao.